Ua wa mianzi ya kichaka Mtwara na Lindi: kuchagua aina, kuotesha, kupanda na kupunguza

Anayetaka ua wa mianzi Mtwara au Lindi aanze kwa kuhesabu maji ya mwezi Oktoba. Mikoa hii ina msimu mmoja wa mvua, ambao kwa kawaida huanza mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba na kwisha Aprili au mapema Mei, na baada ya hapo hufuata miezi sita hadi saba ya ukavu ambamo kusi huvuma na kunyonya unyevu uliobaki ardhini. Mwanzi ni wa jamii ya nyasi, ndugu wa muwa na mahindi, na sehemu kubwa ya mizizi yake hukaa katika sentimita 30 hadi 60 za juu za udongo; hauwezi kuyafuata maji chini kama mkorosho unavyofanya. Januari mianzi ya kila mtu ni kijani. Septemba ndiyo inayoonyesha nani alipanda vizuri.

Mwongozo huu unahusu ua wa nyumbani: mstari wa mita 10, 20 au 30 unaoficha uwanja na barabara, unaoziba mwonekano wa tangi na jiko la nje, au unaotia kivuli upande wa jua la jioni. Haumhusu anayetaka shamba la mianzi ya kuuza, kwa sababu huyo ana hesabu nyingine kabisa.

Mianzi ya kichaka na mianzi itambaayo

Mwanzi una shina linaloonekana juu na shina jingine lililo chini ya udongo, ambalo ndilo linalozaa machipukizi. Katika mianzi ya kichaka, shina hilo la chini ni fupi na nene, hujikunja na kuelekea juu, na ncha yake yenyewe ndiyo inayogeuka kuwa mwanzi mpya. Kwa hiyo kila kizazi hutokea hatua fupi tu kutoka kwa kilichotangulia, na mmea wote hunenepa polepole kama mduara. Katika mianzi itambaayo, shina la chini ni refu na jembamba, husafiri chini ya ardhi mita kadhaa na kuchomoza mahali ambapo hakuna aliyelitarajia, pamoja na uwanja wa jirani. Kwa ua wa nyumbani chagua ya kichaka, bila mjadala.

Muuzaji wa miche si lazima ajue tofauti hiyo, kwa hiyo ikague mwenyewe. Nenda kwenye mmea mama, ukiwezekana, uangalie machipukizi yanatokea wapi: yakitoka karibu na mashina ya zamani, umbali wa shubiri moja au mbili, hiyo ni ya kichaka, yakitoka moja moja mbali na mama, achana nayo. Mianzi mingi itambaayo ina pia alama nyingine: pingili iliyo juu ya tawi huwa na mfereji au ubapa upande mmoja, ambao kidole kinauhisi, wakati pingili ya mwanzi wa kichaka kwa kawaida ni mviringo kamili.

Hata miongoni mwa mianzi ya kichaka kuna kubwa na ndogo, na hapo ndipo nilipokosea mimi. Niliuziwa miche kumi na miwili kwa maelezo kwamba ni mwanzi mdogo wa ua, nikaipanda mita moja kutoka ukutani, mita moja kati ya mche na mche. Mwaka wa tatu ilikuwa imelipita paa, ikakwaruza mabati usiku kucha kila kusi lilipovuma, na majani yake yakaziba mfereji unaopeleka maji ya mvua kwenye tangi. Miche haikuwa na kosa. Ilikuwa aina kubwa, na ilikuwa inafanya kile ambacho aina kubwa hufanya. Kuing'oa kulichukua siku nne za sururu, mtaimbo na shoka.

Aina tatu za kuzifikiria

Kwa ua wenyewe, aina inayofaa kuliko zote ni mwanzi mdogo ambao kitaalamu huitwa Bambusa multiplex. Asili yake ni kusini mwa Uchina na nchi za jirani, mashina yake yana unene wa kidole gumba au chini ya hapo, urefu wake kwa kawaida ni kati ya mita 3 na 7 kutegemea udongo na maji, na una matawi mengi yenye majani kuanzia karibu na ardhi, jambo ambalo ndilo hasa tunalolitafuta kwenye ua. Unavumilia kukatwa mara kwa mara, hauna miiba, na una namna kadhaa za mapambo, zikiwamo za mashina ya njano na za majani madogo yaliyopangana kama unyoya wa ndege.

Mwanzi wa njano wenye mistari ya kijani, unaoonekana sana katika bustani za hoteli na ofisi za pwani, ni namna ya Bambusa vulgaris, na huo ndio mwanzi mkubwa niliouziwa. Hufikia mita 10 hadi 20 na mashina yake huwa na kipenyo cha sentimita 4 hadi 10. Ni mzuri mno, lakini uzuri wake uko kwenye mashina na mashina yanahitaji nafasi ya kuonekana. Kwa hiyo upande kichaka kimoja au viwili kwenye kona ya uwanja mkubwa, ukiupa mita 4 au 5 kutoka kwenye jengo lolote, na usiupange mstari kama ua. Ipo pia namna yake fupi yenye pingili zilizovimba kama vitumbo, ambayo hupendeza kwenye chungu kikubwa barazani.

Ya tatu ni mwanzi wetu wa porini, Oxytenanthera abyssinica, ambao hupatikana katika misitu ya miombo kusini mwa Tanzania na ambao jamaa zake huko Iringa na Njombe hugemwa ulanzi. Huu unavumilia ukame kuliko hiyo miwili, na mashina yake yamejaa ndani au yana tundu dogo tu. Kasoro yake kwa bustani ni kwamba hupukutisha majani wakati wa kiangazi ili kujiokoa, kwa hiyo ua huwa wazi katika miezi ileile ambayo vumbi la barabarani ni jingi. Kwa aliye Nachingwea, Liwale au Tandahimba, mbali na bomba na mwenye kiwanja kikubwa, ningemshauri aukubali upungufu huo. Kwa mwenye nyumba Mtwara mjini ningemshauri mwanzi mdogo.

Hesabu ya maji

Tuseme ua una urefu wa mita 20 na miche imeachana mita moja, yaani miche 21, kwa kuwa mstari una mche mwanzoni na mwishoni. Mche mdogo uliopandwa Machi au Aprili, ambao mizizi yake bado imo ndani ya bonge lile lile ulilotoka nalo kitaluni, unahitaji ndoo ya lita 20 mara mbili kwa wiki katika udongo wa kichanga. Hiyo ni lita 840 kwa wiki, na kwa wiki 24 za kuanzia Juni hadi katikati ya Novemba inazidi lita 20,000. Watu wa Newala, wanaojua thamani ya ndoo moja ya maji juu ya uwanda wa Makonde, wataona mara moja kwamba ua kama huo si wa kupandwa kwa pupa.

Hesabu hubadilika ukiibakiza miche kitaluni katika kiangazi chake cha kwanza. Miche 21 iliyokusanywa chini ya mwembe, karibu na mlango wa jikoni, inatosheka kwa lita 2 kila mmoja kwa siku, yaani ndoo mbili na kidogo, sawa na lita 294 kwa wiki, karibu theluthi moja tu ya ile ya kwanza. Ikiingia ardhini Desemba ikiwa na mizizi iliyojaa, itakuwa na miezi mitano ya mvua ya kuisambaza, na kiangazi kinachofuata kitaikuta ikiweza kuishi kwa ndoo moja kwa wiki chini ya matandazo mazito. Anayeanza kuotesha Desemba hii, basi, apange kupanda ua Desemba ijayo. Najua ni vigumu kuwaambia hivyo watu wa mikoa ambayo fedha za korosho huingia kuanzia Oktoba na kila kazi ya nyumba hutakiwa iishe kabla ya Krismasi, lakini mwanzi haujui msimu wa minada.

Ladha ya maji nayo ni muhimu. Visima vingi vifupi vilivyo karibu na bahari huwa na maji yaliyochanganyika na chumvi, na mwanzi haupendi chumvi: ncha za majani hukauka na kuwa rangi ya majani makavu ya chai, kisha ukavu hupanda hadi katikati ya jani. Maji ambayo ulimi unaihisi chumvi yake yasitumike kwa miche. Kama hakuna mengine kwa mmea uliokwisha komaa, ni afadhali kumwagilia mengi kwa mara chache, ili yashuke chini na chumvi, kuliko kunyunyiza kidogo kila siku na kuirundika juu. Maji ya kuoshea vyombo yanafaa. Ya kufulia kwa sabuni ya unga yaende kwingine.

Kuotesha miche yako mwenyewe

Mwanzi mara chache hutoa mbegu, na mingine, kama ule wa njano, huzalishwa kwa vipande tu. Kwa mwanzi mdogo njia ya uhakika ni kugawa kichaka. Fanya kazi hiyo mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Desemba, mvua za kwanza zikishalainisha udongo lakini kabla ya machipukizi mapya kuchomoza. Chagua upande wa nje wa kichaka, mahali penye mashina ya umri wa mwaka mmoja hadi miwili, ambayo hutambulika kwa ngozi safi isiyo na ukungu wa kijivu. Fukua udongo taratibu mpaka uone mahali fungu la mashina matatu hadi matano linaposhikana na mama kwa shingo nyembamba, kisha likate hapo kwa pigo moja la shoka lenye makali au kwa msumeno. Fungu la shina moja huweza kushika, lakini hukaa mwaka mzima likijifikiria.

Mara fungu linapotoka ardhini lifunike kwa gunia lililoloweshwa, kwa maana vinyweleo vya mizizi hufa kwa dakika chache za jua. Punguza mashina yabaki na urefu wa mita moja hadi moja na nusu, ukikata juu kidogo ya kifundo, na uondoe nusu ya majani ili mmea usipoteze maji kuliko mizizi inavyoweza kuleta. Weka kila fungu katika kiriba kikubwa, ndoo iliyopasuka au kopo lenye matundu, lisilopungua lita 10, ndani ya mchanganyiko wa sehemu mbili za udongo wa juu, sehemu moja ya samadi iliyooza na sehemu moja ya mchanga. Mafungu yakae chini ya kivuli cha nusu kwa wiki sita hadi nane. Majani yakidondoka yote katika wiki mbili za mwanzo usiutupe mmea. Kwaruza shina kwa ukucha, na kama chini ya ngozi ni kijani, endelea kumwagilia.

Mwanzi mkubwa wa njano huoteshwa kwa vipande vya shina. Chukua shina la umri wa miaka miwili hivi, lenye macho mazima kwenye vifundo, ukate vipande vyenye vifundo viwili au vitatu, na uvilaze kwenye tuta la kitalu, macho yakiwa ubavuni, kisha uvifunike kwa udongo wa sentimita 5 hadi 8. Wengine hutoboa pingili, huijaza maji na kuziba tundu; husaidia endapo mvua ikikatika, nayo hukatika mara nyingi kati ya mwisho wa Januari na Februari. Machipukizi huonekana mapema kuliko mizizi, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Kipande chenye majani mabichi kinaweza kuwa kinaishi kwa akiba tu. Kisihamishwe kabla ya miezi miwili au mitatu, na kabla ya kukihamisha kivute kidogo: kikikupinga, kina mizizi.

Mahali na nafasi

Mwanzi mdogo upandwe sentimita 60 hadi 80 kati ya mche na mche kwa anayetaka ua uliofungana mapema, au mita moja kwa mwenye subira na mwenye kuhesabu ndoo. Mstari uwe angalau mita moja kutoka ukutani, ili mtu aweze kupita nyuma yake na panga mkononi; ua usiofikika kwa nyuma hautapunguzwa kamwe. Kutoka kwenye shimo la majitaka na mabomba ukae mita 3. Kutoka mpakani usitumie bikoni kama mstari wa kupandia, bali rudi ndani mita moja, kwa sababu kichaka hunenepa pande zote mbili na nusu ya unene huo isingekuwa yako. Ni vyema kumwambia jirani kabla ya kuchimba, ukimweleza kwamba mianzi hii haitambai, kwa sababu habari za mianzi itambaayo zimeenea na zinatosha kuharibu ujirani.

Pwani, kusi huleta chumvi ya hewani moja kwa moja. Kwa nyumba inayoitazama bahari ua wa mianzi ukae upande wa nyuma au wa pembeni wa jengo, na upande wa bahari uachiwe mvinje, mkungu au bogenvilia. Vichaka vikubwa visiwe mahali ambapo vikiinama vitafika kwenye paa au nyaya za TANESCO. Kimbunga Hidaya cha mwanzoni mwa Mei 2024 kilileta upepo na mvua kubwa pwani ya Kilwa, na mwezi huo machipukizi ya msimu yamekwisha refuka lakini hayajawa magumu, kwa hiyo ndiyo yanayolala kwanza.

Kuchimba na kupanda

Kwa mstari wa ua ni bora kuchimba mtaro mmoja kuliko mashimo mengi, wenye upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 50, na kazi hii ifanyike Oktoba au Novemba ili mvua ya kwanza iukute mtaro wazi. Udongo wa juu, wenye rangi nzito, uwekwe upande mmoja. Wa chini upande mwingine.

Katika kichanga cha uwanda wa Makonde na cha vijiji vingi vya pwani, maji hupita kama kwenye chekeche, na hapo makumbi ya nazi ni rafiki mkubwa. Yaloweke siku mbili au tatu, uyapange chini ya mtaro tabaka mbili huku upande wenye shimo ukitazama juu kama vikombe, kisha uyafunike kwa udongo uliochanganywa na samadi. Makumbi hunywa maji ya mvua na kuyatoa kidogo kidogo, na huoza taratibu kwa miaka kadhaa. Mchwa huyapenda yakiwa makavu, kwa hiyo yasiwekwe bila kuloweshwa, na yasifike karibu na shingo la mche. Maganda ya korosho yasitumike hata kidogo, si mtaroni wala kama matandazo, kwa sababu mafuta yake huunguza ngozi ya mkono na hayana huruma kwa mizizi michanga.

Penye mwamba wa matumbawe, kama sehemu za Mikindani na Kilwa Masoko, mtaimbo utachoka kabla ya sentimita 50. Ukifikia sentimita 25 tu, jenga tuta lililoinuliwa kwa mawe yale yale uliyoyang'oa, na uongeze udongo wa kuletwa hadi upate kina kinachokosekana. Penye udongo mweusi wa mfinyanzi unaotuamisha maji, panda juu ya tuta vilevile, kwa kuwa mwanzi unapenda maji lakini hautaki kusimama ndani yake.

Kila mita ya mtaro ipate debe moja la samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyooza hadi haina harufu, ikichanganywa na udongo wa juu. Panda siku ya mawingu, mvua zikishatulia na udongo ukiwa umelowa hadi chini ya koleo. Mche ukae kwenye kina kilekile uliokuwa nacho kitaluni, au sentimita 2 hadi 3 zaidi, kisha ushindilie kwa mikono, si kwa kisigino, na uache bonde dogo la kupokea maji kuzunguka kila mche. Matandazo ya nyasi, makuti yaliyokatwakatwa au majani yawe na unene wa sentimita 10, na yakae kiganja kimoja mbali na mashina.

Miaka miwili ya kusubiri

Shina la mwanzi likichomoza hufikia urefu wake wote katika msimu mmoja, na unene liliotoka nao ardhini ndio litakaokufa nao. Maana yake ni kwamba ua haukui kwa mashina yaliyopo kurefuka; hukua kwa kila msimu kuleta mashina mapya yaliyo marefu na manene kuliko ya msimu uliopita. Machipukizi ya mvua za kwanza yatakuwa membamba kama njiti za mishikaki na yatakukatisha tamaa. Yaache. Majani yake ndiyo yanayolisha shina la chini litakalozaa machipukizi ya mwaka unaofuata. Kwa mwanzi mdogo ulioanza na mizizi mizuri, ua huanza kuziba macho katika mwaka wa pili na kufungana katika wa tatu.

Kiangazi ukitaka kujua kama mmea una kiu, usiangalie udongo wa juu, angalia majani asubuhi. Jani la mwanzi hujikunja kwa urefu kama bahasha mchana wa jua kali, na hilo ni kawaida. Likiwa bado limejikunja saa moja asubuhi, mmea unahitaji maji siku hiyo. Kwa asiyeweza kushinda na ndoo, chungu cha udongo kisichopakwa rangi, kikifukiwa hadi shingoni kati ya mche na mche, kikajazwa maji na kufunikwa, huvuja taratibu pale penye mizizi na kupunguza sana upotevu.

Mbolea inatosha mara mbili: samadi au mboji Novemba, na kiasi kidogo cha Urea au CAN, kiganja kimoja kwa kichaka, Januari udongo ukiwa umelowa. Majani makavu ya mianzi yenyewe yasifagiwe na kuchomwa. Yana silika ambayo mmea huitumia kuimarisha mashina, na kuyaondoa ni kuuibia mmea chakula chake.

Adui wa kwanza ni mbuzi, ambaye machipukizi ya mianzi kwake ni karamu, kwa hiyo mstari uzungushiwe matawi ya miiba hadi mwaka wa pili. Wa pili ni mchwa, ambao huanzia kwenye ncha kavu zilizokatwa na matandazo yaliyogusa shina. Udongo wenye unyevu na usafi wa shingo huwazuia kuliko majivu. Ukiona masizi meusi juu ya majani, tafuta chini yake wadudu wadogo wanaofyonza utomvu na kutoa utamu unaootesha ukungu huo, uwaoshe kwa maji ya sabuni ya mche jioni, mara tatu kwa kuachanisha siku tano. Kuhusu nyoka, ambao kila mgeni huwauliza, kichaka kilichopunguzwa na kusafishwa chini hadi mwanga unapita hakiwapi maficho wala panya wa kuwavutia.

Kupunguza na kukata

Kazi hii ndiyo inayotofautisha ua na pori, nayo huanza mwaka wa tatu. Wakati wake ni Juni na Julai, mvua zikiwa zimekwisha na mashina ya msimu yamekwisha kuwa magumu. Usikate kati ya Desemba na Machi, kwa sababu machipukizi ya miezi hiyo hulelewa na akiba iliyomo ndani ya mashina makubwa, na kuyaondoa ni kumnyang'anya mama chakula akiwa ananyonyesha.

Ili kujua umri wa shina, kila Juni weka doa la rangi ya mafuta kwenye mashina ya mwaka huo, nyeupe mwaka mmoja, nyekundu unaofuata, bluu wa tatu, nyeusi wa nne, kisha urudie. Mashina yaliyotimiza miaka minne ndiyo ya kutoka kwanza, pamoja na yaliyokufa na yaliyo dhaifu. Lakini usiondoe zaidi ya robo hadi theluthi ya kichaka kwa mwaka mmoja. Kata karibu kabisa na ardhi, juu kidogo ya kifundo. Ukikata katikati ya pingili utaacha kikombe kinachokusanya maji ya mvua, na katika kikombe hicho mbu watazaa mlangoni pako.

Ukiukata juu, mwanzi haurefuki tena kutoka hapo, bali huongeza matawi na majani chini ya mkato. Hiyo ndiyo njia ya kuufanya ua uwe mnene kwa kimo unachotaka: amua, tuseme, mita 2.5, na kila shina jipya likishafungua matawi lipunguzwe hapo. Anayependa kuona mashina ya njano afanye kinyume, aache vilele na aondoe matawi ya chini hadi kimo cha kiuno au kifua.

Upande wa jirani na upande wa njia, fukua kila Novemba mfereji wa kina cha sentimita 25 kando ya ua, uangalie mashina ya chini yaliyojitokeza nje ya mstari na uyakate kwa sururu. Chipukizi lililochomoza pasipotakiwa huvunjika kwa teke likiwa bado laini. Likingoja wiki tatu litataka msumeno. Machipukizi hayo huliwa katika nchi nyingi za Asia, lakini mabichi yana sumu ya jamii ile ile ya muhogo mchungu, kwa hiyo asiyejua kuyachemsha na kumwaga maji yake ayatupe kwenye mboji.

Mashina utakayoyatoa yana matumizi ya kutosha bustanini: vijiti vya kuegemeza nyanya, vichanja vya maboga, uchanja wa kuanikia vyombo. Yalaze wiki tatu au nne ndani ya maji, yakiwa yamekandamizwa kwa mawe, ili wanga uliomo utoke, kwa sababu wanga huo ndio unaowaita dumuzi wanaoyageuza unga ndani ya miezi michache. Baada ya hapo yaanike wima kivulini, yakiegemea ukuta, hadi yapoteze rangi ya kijani.